Mchangiaji Namba Tatu

YAH: MAELEZO KUHUSU KUGEUZWA KWA NYAYA ZA BESENI LA UMEME NAMBA 2

Barua hiyo Skolastika aliipokea Jumatatu asubuhi. Nakala zilikwenda kwa watu wanne, mmoja wao akiwa marehemu tangu mwaka juzi, ila jina lake halikuwa limeondolewa kwenye orodha.

Maabara yao ilikuwa Bangwe, juu kidogo ya ziwa, na kazi yao ilikuwa kupima kama mawese ya Kigoma yanalinda vinasaba vya binadamu. Unachukua seli za damu. Nusu unazitia dondoo la mawese, lenye kinga ziitwazo antioksidanti. Nusu unaziacha bila kinga, ziwe za ulinganisho. Zote unazidondoshea haidrojeni peroksaidi, kemikali inayopasua vinasaba, kisha unazipitisha kwenye beseni la umeme na kuzitazama kwa hadubini. Seli nzima huonekana duara kama mwezi. Iliyopasuka huburuta mkia kama kimondo, na mkia huo siku zote huelekea upande chanya.

Za mchangiaji namba tatu zilielekea upande hasi. Zote, kama watu waliogeuka wakakimbia.

Mkurugenzi, Dk. Gervasi, mwandishi wa ile barua, alihitimisha kwamba Skolastika amegeuza nyaya. Skolastika alirudia kipimo mara tatu, nyaya zikiwa zimefungwa utepe mwekundu na mweusi. Mara ya tatu, alipodondosha tu kemikali, sinia la chai lilianguka koridoni na mtu akapiga yowe.

Alikuwa Ummy, mhudumu wa ofisi. Alikuwa amepiga magoti kwenye vigae, ameng'ata ushungi wake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka malengelenge mapya juu ya makovu ya wiki iliyopita. Palinuka nywele zilizoungua, na chini ya harufu hiyo palinuka udi.

"Dada Skola," alinong'ona, "mnaniunguza."

Mchangiaji namba tatu alikuwa yeye. Kibali cha kuwatoa damu watu wa nje kilikuwa bado kinazunguka Dodoma, hivyo Dk. Gervasi akaamua wafanyakazi wajitolee kwa hiari, wote, bila kukosa.

"Wewe ni kiti?" Skolastika aliuliza. Alikuwa Mkatoliki, lakini mtu hawezi kukaa miaka kumi jirani na Ujiji asijue kwamba jini akimkalia mtu, mtu huyo huitwa kiti.

"Nimerithi kwa bibi. Limo damuni, halijawahi kunisumbua. Mnalichoma, nalo linanichoma mimi."

"Mbona hukusema?"

"Fomu haikuuliza. Imeuliza kisukari, presha, ujauzito. Pale chini pana 'mengineyo', nikaona aibu." Akafuta machozi. "Zile mnazotia mawese sisikii kitu. Ni hizo nyingine. Kesho mna nini?"

Kesho ilikuwa dozi ya mwisho, mara kumi ya hii. Skolastika akainama kuokota vikombe, na Ummy akaelewa.

Dk. Gervasi alimsikiliza Skolastika hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Bila ulinganisho hakuna utafiti," alisema. "Kama jini lina malalamiko, lilete kwa maandishi kupitia mkuu wa idara."

"Mkuu wa idara ni wewe, daktari."

"Basi litanikuta."

Skolastika angeimwaga ile damu jioni hiyo hiyo, kama ufunguo wa friji usingekuwa shingoni mwa Dk. Gervasi.

Kesho yake saa nane mchana akaja Bi Fatu, mama mkubwa wa Ummy na fundi wa majini kutoka Ujiji, na bakuli la mawese chini ya kanga. Mlinzi hakumruhusu mpaka ajaze daftari la wageni. Kwenye madhumuni ya ziara akaandika: kikazi.

Walimlaza Ummy katika chumba cha hadubini, penye mapazia meusi. Bi Fatu alimpaka mafuta kuanzia utosini, akajipaka mwenyewe, akampaka Skolastika. Sandukuni vioo vya sampuli vilianza kugongana kama meno ya mtu mwenye homa.

Ummy akafumbua macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzee.

"Nani ananichoma?"

"Shikamoo," Skolastika alisema, kwa woga tu.

"Marahaba. Nani?"

"Anakuja, bwana mkubwa," Bi Fatu alisema. "Ataomba radhi kwa kinywa chake."

Dk. Gervasi aliingia na shati jipya la kikao, mkono mmoja kisahani cha damu kutoka frijini, mwingine pipeti, mrija wa kudondoshea kemikali.

"Baba, sema nimekosa, neno moja tu," Bi Fatu alimwambia. "Halafu nikupake."

"Mafuta hayo hayatoki kwenye nguo, mama." Akaweka mezani kisahani cha namba tatu, akainama juu yake.

"Daktari, atakufa!" Skolastika alimshika mkono.

"Utaandika maelezo ya hili pia," alisema, akamsukuma, akadondosha.

Ummy alijikunja mgongo mpaka kichwa kikagusa visigino, na ule moto, uliompitia juu ya ngozi ukitafuta pa kuingilia na kukuta mafuta, ukamwacha, ukamfikia Bi Fatu ukakuta mafuta, ukamfikia Skolastika ukakuta mafuta, ukamgeukia mtu mmoja mle chumbani aliyekuwa hana kinga, ukamwingilia kwenye vidole vilivyoshika pipeti, vikapasuka kimoja kimoja kama maganda ya maharage jikoni, ukapanda mkono kwa ndani huku shati likiwa bado jeupe, mpaka mbavu zikalia, macho yakachemka, naye akaanguka na kujiburuta kuelekea mlangoni, damu ikiacha nyuma yake mkia mrefu unaofifia.

"Mafuta!" alilia. "Nimekosa! Mafuta!"

Skolastika alinyanyua bakuli.

"Ukimpaka, utamrudia mwenye damu," Bi Fatu alinong'ona. "Moto huu umeshawashwa, mwanangu. Lazima ule mtu."

Skolastika akamtazama Ummy, aliyekuwa anapumua.

Tume ya watu saba ilikaa siku nne na kunywa soda katoni mbili. Iliandika kwamba chanzo ni hitilafu ya kemikali, ikapendekeza glavu nene zaidi. Skolastika alisaini kila ukurasa.

Dk. Gervasi aliungua kwa dakika kumi na moja, akiwa hai, akiomba apakwe mafuta. Bakuli lilikuwa mikononi mwa Skolastika na mawese yalikuwa bado nusu. Hakumpaka.