Shitingi ya Mama Leonia

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Ella alikaa sebuleni kwao mtaa wa Gungu akiwasikiliza wanafunzi wawili wa chuo kikuu wakibishana. Mmoja alikuwa mama yake, Leonia, mwenye mvi. Wa pili alikuwa Samson, kijana wa kuweza kuwa mwanawe. Samson alikula ugali wa muhogo pale pale, akamfundisha Ella hesabu, na Ella akamwita kaka.

Chuo kiliwapa kazi ya pamoja: kukausha dagaa juu ya chanja ufukweni mwa ziwa, waone kama watadumu zaidi kuliko wanaoanikwa mchangani. Leonia alitoa shitingi yake ya kufunikia, turubai la plastiki walilopewa kambini walipokimbia Burundi.

Siku ya zamu ya Samson, mvua ilishuka ghafla. Ella alikimbia ufukweni, akakuta chanja ziko wazi na dagaa wamelowa chepechepe. Kando ya chanja hizo, shitingi yenye kiraka cha kitenge cha mama ilifunika dagaa wa mjomba wa Samson.

"Nyamaza, mdogo wangu," Samson alimsihi. "Dagaa wake wakiharibika, mjomba atanifukuza nyumbani kwake."

Ella akanyamaza, kwa sababu Samson alikuwa kaka.

Kesho yake Mwalimu Nikodemu wa chuoni alikuja ufukweni kukagua.

"Mama Leonia alisahau kuleta shitingi," Samson alisema bila kupepesa macho. "Uzee, mwalimu."

"Basi, mama, utarudia mwaka," mwalimu alisema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa mezani kabisa! Ella akasogea mbele.

"Mwalimu, mama hakusahau," alisema. "Shitingi ile pale, kwenye dagaa wa mjomba wa kaka Samson. Kiraka ni cha kitenge cha mama."

Mwalimu alikwenda, akakiona kiraka. Aliamua Leonia aanike upya, na Samson ndiye arudie mwaka.

Samson alipiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwana wanje, mwanangu," Leonia alisema huku machozi yakimlenga.

Jioni Ella aliandaa sahani tatu. Mama yake akairudisha moja kabatini.

"Mama, si umemsamehe?"

"Nimemsamehe. Na wewe ungeniambia jana ile ile, nisingeaibishwa mbele za watu. Ukweli usiulaze, Ella." Alikaa, akanawa mikono. "Dagaa waliooza, kesho tutapata wengine. Imani, mwanangu, haivuliwi ziwani."