Rwezaura Aliyeyahukumu Maziwa

Ndugu zangu wa Kiruruma, nisikilizeni mpaka mwisho. Mwenye kukasirika akasirike nikishamaliza.

Jumamosi za mzee Rwezaura mlizijua. Asubuhi ndizi mbivu zilimwagwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, nyasi zikatupwa juu, nasi vijana tukazikanyaga kwa miguu safi huku tukitaniana. Juisi ilipotoka, nzito na tamu, mzee alijaza kibuyu cha kwanza akanywa mwenyewe. Kisha mkewe, Adelgunda, akawagawia majirani. Haikuachwa ichachuke, kwa maana mzee aliokoka na kuacha rubisi, pombe ya ndizi, miaka kumi na tisa iliyopita.

"Kunyweni bila hofu," alipenda kusema. "Humu hamna pombe. Hata mchungaji anakunywa."

Lakini mwili wake ulikuwa na habari nyingine. Alikuwa na kisukari mwaka wa saba, na vidonge alivimeza siku alizojisikia vibaya tu. Mwaka juzi mkojo wake ukaanza kutoa povu kama la sabuni, na kila jioni viatu vikawa vinambana. Nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki yangu. Akataka niingie naye, nimsomee karatasi, kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia.

"Shikamoo baba," alisema tabibu Nasreen.

"Marahaba, mwanangu. Niambie, nimelogwa?"

"Hujalogwa. Protini inavuja kwenye mkojo." Alichora duara kwenye karatasi. "Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana. Vimeshikiliwa na chembe hai, na chembe hizo hupashana habari kwa kalsiamu. Mlango unafunguka, kalsiamu kidogo inaingia, mlango unafungwa. Sukari na presha zikikaa juu miaka mingi, milango inabaki wazi. Kalsiamu inafurika, chembe zinalegea, zinabanduka, zinakufa. Zikishakufa hazioti tena."

"Kalsiamu ndiyo ile ya kwenye maziwa?"

"Ndiyo, lakini maziwa hayana kosa, baba. Kosa ni la sukari. Acha juisi ya ndizi kabisa, na dawa umeze kila siku. Figo bado zinaweza kukaa miaka mingi."

Mzee alikunja karatasi. "Nimeelewa."

Tulipofika nyumbani Adelgunda alikuwa mlangoni. Mzee akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Adui amepatikana. Ni kalsiamu. Kuanzia leo maziwa yasiingie nyumba hii!"

Nilisimama pale na funguo za pikipiki mkononi. Nilijua. Sikusema. Nilijiambia kwamba mtoto wa watu hamsahihishi mzee mbele ya mkewe.

Ng'ombe wao wa pekee akauzwa. Mjukuu wao, Mackrine, akaanza kunywa uji mtupu. Jirani yao Gosbert alimtania mzee barabarani: "Wee Rwezaura, maziwa yamekukosea nini? Ng'ombe kakupiga teke?"

"Afadhali teke. Teke halili figo."

"Na juisi?"

"Yesu aliniondolea pombe, nikamshukuru. Sasa na wewe unataka kuniondolea juisi? Ondoka hapa!"

Watu wakacheka. Jumamosi iliyofuata tukakanyaga ndizi kama kawaida, na mimi nikiwemo.

Mwaka na nusu haukwisha. Uso ulivimba, akawa anatapika kila anachokula, anahema kama aliyepandisha kilima na mzigo wa mkungu. Tulimkimbiza hospitali ya mbali. Daktari akasema figo zote mbili zimekwisha, damu isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki.

Adelgunda alilia. "Daktari, mbona tulimtii tabibu? Maziwa hajayagusa tangu siku ile!"

"Maziwa? Nani alimkataza maziwa?"

Mama yule akanigeukia taratibu. "Uliingia naye kule. Tabibu alisema nini?"

"Alisema aache juisi, mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mzee alisafishwa damu wiki tano, na ya sita hakuifikia. Tulimzika shambani kwake, na kaburi nililichimba na wenzangu wale wale wa Jumamosi.

FUNZO

Sukari haiulizi kama kinywaji kinalevya. Mwenye kisukari anaweza kuwa mcha Mungu asiyegusa pombe, na juisi tamu ikammaliza figo. Msitafute wa kusingiziwa kwa kuwa kile mnachokipenda ni kigumu kukiacha. Mezeni dawa kila siku, si siku ya kuumwa tu. Pimeni mkojo na damu kila mwaka hata mkijisikia wazima, maana figo haipigi kelele mpaka iko ukingoni.

Na wewe kijana unayemsindikiza mgonjwa: ukisikia daktari amesema hili na mgonjwa anasimulia lile, fungua mdomo, hata mbele ya mkewe, hata akikufukuza kwenye boma lake. Mimi nilinyamaza nikaiita heshima. Ulikuwa woga.