Herufi Zilizoitwa Ludovica

Mwanzo ilikuwa harufu tu. Kompyuta ya Ornella, mchoraji wa herufi hapa Milano, ilianza kunuka madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Akafungua dirisha, akiwalaumu mafundi wa reli ya tramu.

Alikuwa amemaliza kuchora upya kwenye kompyuta hiyo seti ya herufi za kale za chuma, alizozinunua Parma kwa mpiga chapa aliyefunga duka. Zilikuwa nzuri za kuumiza moyo, nene hapa, pale nyembamba kama unywele, za kutangazia manukato na magauni ya bei mbaya. Lakini mzee yule hakuchapia manukato. Alichapia matangazo ya misiba, yale tunayobandika ukutani mtu anapofariki. Ornella alilijua hilo, akalicheka. Kisha akafanya wafanyavyo wachoraji wenzake, akazipa herufi jina la ampendaye. Akaziita Ludovica, kama bintiye wa pekee, akazituma kwa wahariri wa majarida.

"Mama, umenipa umaarufu," Ludovica alimtania mezani. "Sasa ninunulie viatu vinavyofanana nao."

"Kula kwanza, na mdomo wako huo!"

Hakula. Pete ilimchomoka kidoleni, ikatumbukia kwenye wali wa risotto.

Tangu hapo alikonda, tena vibaya, maana mapaja yalibaki manene huku viwiko, shingo na vifundo vikizidi kuwa vyembamba. Madaktari walipima damu wakasema mzima. Na mchana kweupe, kompyuta ikiwa imezimwa, ndani yake kulisikika patasi ikikwaruza chuma, kr, kr, ikinyamaza Ludovica akivuta pumzi na kuanza tena akitoa pumzi, mpaka mama mtu akawa anahesabu pumzi za mwanawe akiogopa hata kumeza mate.

Padri Anselmo wa parokia yao alikuja, akanusa, akashusha sauti.

"Herufi hizi zina jini, naye amezoea majina ya maiti. Wewe umempa la aliye hai."

"Nifanye nini, Padri?"

"Yeyusha chuma. Futa kila kitu."

Walifanya hivyo wakisali. Mkwaruzo ukakoma. Ludovica akaomba mkate, akauliza kama kuna siagi, na Ornella akalia kwa furaha.

Simu ikaita. Alikuwa mhariri wa Paris.

"Signora, herufi zako zimetuteka! Kila mtu hapa anazo. Akizichagua tu, jina la binti yako linamtokea kwenye kioo cha kompyuta, limeandikwa kwa herufi zenyewe."

"Zifute! Nakusihi, zifute!"

"Kwangu nitafuta. Lakini tumeshawagawia wenzetu Tokyo, New York, sijui na wapi kwingine."

Kr, kr. Safari hii ilitoka shingoni mwa Ludovica. Aliuweka mkate chini taratibu.

"Mama," alinong'ona, "mbona watu wengi hivi wananiita?"

Ornella alimziba masikio kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumfanyia.