Shemeji na Mlango Mmoja

Jamaa zangu, haya ninayowasimulia sikuyasikia kwa jirani. Yalitokea nyumbani kwa mdogo wangu, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, tena si kama mtazamaji.

Mdogo wangu aliolewa na fundi kompyuta wa hospitali ninayofanyia kazi. Nyumba yao ilikuwa na raha ya kuonewa wivu. Nikienda siku ya mapumziko namkuta baba mkwe wake, mwalimu mstaafu, amekaa kibarazani akisahihisha makosa ya gazeti kwa kalamu nyekundu. "Mama wa simu," ananitania, "wiki hii umewaokoa wangapi?" Maana kazi yangu ni kupokea simu za dharura. Mtu akipiga, namtuma dereva wa gari la wagonjwa.

Shemeji alikuwa hodari, hilo silikatai. Aliweka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, programu ya kuchunga mitambo yetu. Kila dakika programu ile ilibisha hodi kwa kila mtambo, ukiwemo mfumo wa simu, majokofu ya damu na maabara, ikiuliza: upo? Usipoitika, kengele inalia, na kwenye skrini ya ukutani taa ya kijani inageuka nyekundu. Kila mmoja wetu alikuwa na nenosiri lake la kuingilia.

Kisha wakubwa wakaagiza programu zote ziunganishwe na kampuni moja ya nje inayothibitisha utambulisho wa wafanyakazi. Unajitambulisha mara moja asubuhi, milango yote inakufungukia. Jambo jema. Kampuni ikampa shemeji msimbo wa siri wa kuitambulisha programu yetu kwao. Akaujaza, ikakataa. Akahangaika siku mbili, kumbe alikosea alama moja tu mwishoni mwa anwani ya mtandao ya programu yetu. Ilipokubali alijipigia makofi peke yake.

Hapo ndipo kiburi kilipopiga hodi. Alifuta manenosiri yetu yote ya zamani, hata lile la akiba, akajiweka yeye peke yake kuwa msimamizi.

"Shemeji," nikamwambia, "tuandikie basi nenosiri moja la akiba, tulifungie kwenye kabati la mkuu wa kitengo. Huo mlango mmoja ukigoma, tutapitia wapi?"

"Dirishani!" akacheka. "Shemeji, fundi akishagawa funguo zote, kesho nani atamhitaji?"

Nikacheka naye. Sikumwambia tena. Kosa hilo, ndugu msomaji, liandike upande wangu.

Msimbo ule wa siri ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Ulipokaribia kwisha, kampuni ilituma barua tatu za kukumbusha, zote kwake, kwa kuwa hakuna mwingine waliyemjua. Hakuzifungua.

Siku moja mafundi wa simu walikuja kubadilisha nyaya. Shemeji akainyamazisha kengele ili isitupigie kelele, akikusudia kuiwasha asubuhi. Asubuhi ilipofika, msimbo ulikuwa umekwisha. Skrini ya ukutani, badala ya taa, ilituomba tujitambulishe, na kila tulipojaribu, hata yeye mwenyewe, tulirudishwa pale pale.

"Shemeji, skrini imepofuka," nikamwambia.

"Naishughulikia. Usimwambie mkuu, tafadhali, ataniona mtoto. Nipe nusu saa."

Mkuu wa kitengo peke yake alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye seva yenyewe bila kupitia mlango ule. Kubisha mlangoni kwake kungemaliza jambo kwa dakika kumi. Lakini kubisha kulikuwa sawa na kukiri. Shemeji akajifungia na simu yake, akawa anasubiri kwenye foleni ya wateja wa kampuni ile. Nami nikanyamaza, maana ni mume wa mdogo wangu.

Saa nne hivi, waya mmoja uliofungwa vibaya jana yake ukaachia. Laini ya dharura ikafa. Kengele ilikuwa imenyamazishwa, skrini haioni. Mimi nimekaa mbele ya simu isiyolia, nachora maua pembeni mwa daftari, nikijisemea: leo watu ni wazima. Niliufurahia ukimya ule, Mungu anisamehe.

Dakika zile zile mdogo wangu alimkuta mzee kibarazani, upande mmoja wa uso umelegea. Kiharusi. Akapiga namba ya dharura: kimya. Akapiga tena na tena. Simu yangu ya mkononi ilikuwa kabatini, ndiyo sheria ya chumba chetu. Akampigia mumewe mara nne. Shemeji aliliona jina, akakata, akiogopa kupoteza nafasi yake kwenye foleni.

Adhuhuri ndipo jirani yao, seremala, aliporudi na gari lake la mbao. Wakamlaza mzee nyuma. Mdogo wangu aliingia chumbani kwangu miguu mitupu.

"Dada, ulikuwa wapi?"

"Nipo hapa tangu asubuhi."

"Hapa? Nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi!"

Niliinua mkono wa simu, nikauweka sikioni. Haukuwa na mlio.

"Mngemleta mapema..." daktari alianza kusema, akaishia hapo.

Mzee hakufa. Ila maneno yalimtoka. Mwalimu yule sasa ana neno moja tu, "bado". Akiwa na njaa, bado. Akitaka kugeuzwa kitandani, bado. Akilia, bado.

Shemeji alikwenda kwa mkuu akakiri yote siku ile ile, saa chache baada ya wakati ambao kukiri kungefaa. Hakufukuzwa. Mkewe alimwuliza jambo moja tu: "Uliliona jina langu?"

"Nililiona."

Hakumwuliza kingine. Wanaishi nyumba moja mpaka leo, na kazi zote za mzee wanasaidiana, lakini wanaongea kama watu waliokutana kwenye foleni.

Funzo

Jamaa zangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ujuzi wa kuhudumia watu si mali ya mtu mmoja. Ukiunda mlango, weka na wa pili, umwonyeshe mwenzako ufunguo ulipo. Ukikosea, sema mapema, kwa maana aibu ya dakika kumi haijamlemaza mtu. Nawe unayeliona kosa la ndugu yako, usilifunike kwa sababu ya undugu. Mimi nililifunika. Kampuni ya simu ilituletea orodha ya waliopiga namba yetu asubuhi ile bila kujibiwa: ni namba kumi na moja. Moja ni ya mdogo wangu. Zile kumi tulizipigia zote, na tatu hazikupokelewa kamwe.