Mtungi wa Raho

Mimi ni fundi wa magari hapa Garissa, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na katika miaka hiyo yote nimeletewa magari matatu yaliyosemekana kuwa na majini. La kwanza lilikuwa na panya kwenye chujio la hewa. La pili lilikuwa na mwenyewe, mlaji miraa mmoja aliyesahau kwamba gari huwekwa oili. La tatu ndilo hili nitakalowaeleza, na hilo sikulipatia jibu.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, saa kumi alasiri. Nilikuwa nimeshanawa mikono niende zangu nyumbani. Shemeji yangu Abdirashid akaingia uani na Land Cruiser yake kuukuu, ile ya petroli, asizime injini wala asinisalimie. Alisema mkunga amepiga simu kutoka Bulla Gob. Arbia ana uchungu tangu alfajiri, na mtoto ametanguliza mkono.

Arbia ni dada yangu wa tumbo moja. Mama yetu alipokufa nilimlea mimi, kwa chai ya rangi na maharagwe, mpaka siku alipoolewa na huyu Abdirashid kuwa mke wa pili. Mke mkubwa, Raho, anaishi hapa mjini. Arbia yuko Bulla Gob, saa mbili na nusu kuelekea mashariki, njia ya mchanga mtupu. Na mtoto akitanguliza mkono, hata fundi wa magari anajua kwamba hapo ni kisu cha daktari au ni kaburi. Ambulansi ilikuwa imekwenda Hulugho. Lilikuwepo gari hilo tu.

Nikatupa begi la spana ndani, tukaondoka.

Mwendo wa saa moja hivi, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Usukani ukavuta kushoto wenyewe, gari likatoka barabarani na kusimama kwenye mchanga, limeinamia upande wa kulia. Nilimuuliza Abdirashid ametia petroli gani. Akakiri shingo upande kwamba vituo vilikuwa vimekauka, akanunua ya chupa kwa wauzaji wa kando ya njia. Nilimgombeza kama mtoto. Nikafungua chujio, nikamwonyesha matone ya maji yaliyokaa chini ya petroli. Jini lako hilo, nikamwambia. Nikalisafisha, gari likawaka.

Tulikwenda kidogo tu.

Likakohoa tena mara mbili. Likavuta kushoto tena. Safari hii nilichomoa bomba la petroli nikalivuta kwa mdomo, kazi ambayo kila fundi anaijua na kila fundi anaichukia. Nikameza. Koo likawaka moto mpaka masikioni, nikamwomba maji kwa ishara ya mkono.

Abdirashid akatoa nyuma ya kiti mtungi wa lita tano uliozungushiwa gunia bichi. Alisema Raho amemfungia maji hayo ya safari, lakini yeye amefunga saumu ya sunna ya Alhamisi, kwa hiyo nusu aliitia kwenye rejeta ya kupoza injini pale mjini na nusu ameiweka ya kufuturu. Nikasukutua. Kisha nikanywa.

Mafunda matatu. Maji yalikuwa baridi, na yalinukia karafuu maiti, yaani kafuri.

Nilidhani ni ile petroli. Ulimi uliochomwa na petroli hauaminiki.

Mara ya tatu gari lilizimika magharibi ikiingia, nusu saa tu kabla ya Bulla Gob. Simu ya mkunga ilikuwa haipatikani tena. Abdirashid alikula tende moja, akatandika mkeka mbele ya gari. Niliona hakuhangaika kutafuta kibla. Aliutandika tu, sambamba na boneti, akasali. Nami nikatania peke yangu kwamba angalau tuna gari Mwislamu.

Alipotoa salamu simu yake ikalia. Ni Raho. Akaiweka kwenye spika, mkono mmoja umeshika mtungi ili anywe.

"Umefungua?" Raho aliuliza.

"Kwa tende."

"Ile maji umekunywa?"

Abdirashid akasema bado. Akamweleza, hivi hivi tu, kwamba nyingine aliitia kwenye rejeta, na nyingine amekunywa Galgallo, yaani mimi.

Nilisikia kuku wakilia uani kwake. Nilisikia akivuta pumzi.

"Unaenda wapi na Galgallo?"

Akamwambia. Arbia, mtoto, ule mkono.

Raho akaanza kulia, kile kilio cha mtu anayejiziba mdomo kwa shuka. "Mwaga," alisema. "Mwaga yote, Abdirashid. Wallahi mimi sikujua. Nilitaka ukae tu nyumbani. Siku tatu tu."

Yaliyofuata aliyatoa vipande vipande, nami nayasema kama nilivyoyaelewa. Sote tumesikia habari za mke anayemnywesha mume maji yaliyooshewa maiti, ili mume atulie kama yule aliyeoshwa, asitoke nyumbani wala asitamani mlango mwingine. Kikongwe mmoja wa soko la mbuzi alimpa Raho maji hayo. Yalikuwa yamemwosha mama mmoja aliyekufa na mtoto tumboni, kando ya barabara, akingoja gari la kumpeleka hospitali. Gari hilo halikuja. Na kikongwe alisema neno moja tu: atakayekunywa hafiki kwa yule anayemwendea.

Simu ikakatika. Abdirashid aliutupa mtungi mbali. Alisimama akilitazama gari kwa muda mrefu.

"Seddi," aliniita, neno la Kisomali la shemeji. "Kila mara imesimama namna hii."

"Namna gani?"

"Uso kibla," alinong'ona. "Na imelalia ubavu wa kulia... Maiti analazwa hivyo."

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilinitia aibu. Nikamwambia maji ya rejeta hayazimi injini, ni betroli, mimi nimesomea kazi hii. Nilimwigiza matamshi yake kusudi akasirike, maana hasira ingekuwa afadhali kuliko ule uso. Hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye rejeta.

Nikaifungua kwa chini, maji yakamwagika mchangani. Mchanga wa huku hunywa mkojo wa ngamia kabla ngamia hajamaliza. Maji yale hayakunywewa. Yalisimama juu ya mchanga, yakatulia, yakinukia kafuri na majani ya mkunazi ya kuoshea maiti. Nilijaza rejeta kwa maji ya kopo la kutawadhia.

Abdirashid akazungusha ufunguo mara moja, likawaka.

Nikaingia, nikakaa. Likazimika.

Nilishuka kukagua. Likawaka.

Nikapanda. Likazimika.

Mara ya tatu Abdirashid hakunitazama. Alitazama mbele, kwenye njia ya kwenda kwa mkewe. "Seddi," alisema polepole. "Samahani. Shuka."

Dada yangu alikuwa anakufa, na mimi ndiye niliyekuwa nimelishikilia gari. Nilishuka. Taa nyekundu zikapotea kwenye vumbi, nikabaki na begi la spana na giza lililokuwa linaingia.

Mwanzoni ulikuwa upepo. Nilijiambia ni upepo.

Kisha ukawa pumzi.

Mtu akishikwa na uchungu wa kuzaa pumzi zake zina mpangilio. Zinapanda, zinapanda, zinakatika, halafu anagumia kwa chini, halafu anapumzika. Nilizisikia nyumbani mama alipomzaa Arbia, nilikuwa na miaka tisa. Hazisahauliki. Zilikuwa upande wangu wa kushoto, hatua kama kumi. Kisha hatua tano. Nilisoma kila aya niliyoijua, na nilipomaliza nilianza upya. Sikugeuka. Harufu ilinifikia kabla ya kitu kingine chochote... kafuri, na kitambaa kibichi, mahali ambapo mvua haikuwa imenyesha kwa miezi minane.

"Dada," nilisema bila kugeuka. "Unataka nini?"

Aligumia tu. Karibu na bega langu.

Sijui nilisimama muda gani. Adhana ya isha ilikuwa imeshapita kwenye simu yangu nilipoona taa zikirudi kutoka Bulla Gob. Abdirashid alikuja kasi, na tulikuwa tumeelewana bila kusemezana kwamba hatapunguza. Nilisogea kando. Kwenye dirisha la nyuma niliuona uso wa Arbia, umelowa jasho, na kiganja chake kwenye kioo. Aliniona. Mdomo wake uliita jina langu. Nami nilisimama pale kama mwizi, nikamwacha apite.

Zile pumzi zilikoma gari lilipotukaribia. Lilipotupita, yule aliyekuwa kando yangu alitoa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka spana chini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeachwa.

Arbia alifika. Walimpasua usiku ule ule, wakamtoa mtoto wa kike mzima, akaitwa Ruweyda. Nami nilirudi mjini asubuhi kwa lori la mbuzi, na lori halikukohoa hata mara moja, maana lilikuwa linanirudisha nyumbani.

Wiki hiyo waliniletea magari mengine mawili yaliyozimika kwa petroli ya chupa. Moja lilinukia kafuri kidogo, na mwenyewe alisema kuna wauzaji wanaodondosha vidonge vya kafuri ndani ili petroli mbovu ichemke vizuri. Daktari naye alisema petroli niliyoimeza ingeweza kuniletea kizunguzungu na kusikia yasiyokuwepo. Nilikubali. Ni maelezo mazuri, mimi mwenyewe ningempa mteja.

Siku ya tatu nikabeba chupa ya maziwa kwenda kumwona dada yangu hospitali. Nakumbuka geti. Baada ya geti nakumbuka kitanda changu, nyumbani, nimelala ubavu wa kulia, na maziwa yameganda.

Baada ya arobaini nilipanda gari la abiria kwenda Bulla Gob. Nilizindukia stendi ya Garissa, jioni. Vidole gumba vya miguu yangu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kipande cha kitambaa cheupe. Kondakta aliapa kwamba hakuna aliyenigusa. Nililala tu njiani, gari likaharibika, wakageuza.

Idi iliyopita nilijaribu tena. Nilizinduka na pamba puani na masikioni.

Nimewahi kuosha maiti wanne. Najua kinachofuata baada ya pamba ni sanda.

Raho huja kila Ijumaa kuniomba radhi. Nimemsamehe, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulikubaliana, yeye, mimi na Abdirashid, kwamba Arbia asiambiwe. Wake wenza wale wanaelewana sasa, watoto wao wanakula sahani moja, na nyumba ikivunjika huvunjikia watoto. Kwa hiyo Arbia anachojua ni kwamba kaka yake aliyemlea alisimama kando ya njia akamtazama akipelekwa kufa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwake. Hajui kwamba nina picha ya Ruweyda kwenye sanduku la spana.

Jana mchana alinipigia simu. Alisema amechoka kungoja, Jumamosi anakuja Garissa na mtoto, atakaa mlangoni kwangu mpaka nimwambie alinikosea nini.

Nilihesabu mara tatu zile safari zangu. Zote nilikuwa nakwenda mimi. Sijui ikiwa ni yeye anayekuja itakuwaje, na sikuthubutu kulijaribu hilo mbele ya mtoto wa miaka miwili.

"Usije," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Nimesema usije. Mimi sina dada."

Nililisema kwa sauti kavu, kama ninavyowaambia watu gari lao halitengenezeki. Nilimsikia Ruweyda akiongea na paka. Nilingoja alie, na nilikuwa tayari kukata simu kabla sijalia mimi.

Hakulia.

"Galgallo," alisema taratibu. "Huyo mwanamke hapo kwako ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Huyo nyuma yako. Anagumia."

Ilikuwa saa saba mchana. Karakana ilikuwa tupu, vijana wote wamekwenda kusali adhuhuri, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

"Ni mke wa jirani," nilisema.

"Ana uchungu huyo. Mimi nazijua hizo pumzi." Sauti yake ilikuwa imelainika, ikawa ile ya zamani, ya mtoto niliyemchania nywele. "Usikae naye hapo, kaka. Nikufe mimi na hasira zangu, lakini yeye mpeleke hospitali. Si una magari?"

Akakata simu.

Kisha nikatazama magari manne yaliyokuwa uani, moja baada ya jingine, nikaanza kujiuliza ni lipi lina petroli nzuri ya kumfikisha yule mama hospitali.