Watoto Sitini na Mmoja wa Aprili

“Wane, Malika! Umemuzalia bwana yangu batoto wane, na kila asubuhi unakuja kuniomba chumvi!”

“Mimi? Nimezaa mumoja, Kaswera! Mumoja tu, hata mwezi hajatimiza. Hao watatu niliwaweka wapi, chini ya kitanda?”

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini Mei, saa moja na nusu asubuhi, na barabara yao ya Kabondo ilikwisha kujaa watu wenye miswaki mdomoni. Clémence hakuhitaji hata kusogeza kiti. Meza yake ya kuchaji simu inakaa katikati kabisa ya nyumba hizo mbili, chini ya mwavuli mkubwa, na matusi yalikuwa yanampita juu ya kichwa kama mpira.

Kaswera, muuza vitenge, Munande wa Butembo, alikuwa ameinua juu simu ya mume wake, Isaïe. Isaïe mwenyewe alikuwa ndani, na busara yake yote siku hiyo ilikuwa kubaki ndani.

“Soma, Ya Clémence, dada mukubwa. Soma kwa sauti, watu basikie.”

Clémence akasoma: “Kwa mzazi wa Kakule, aliyezaliwa tarehe tisa Aprili. Kipimo cha kwanza cha masikio hakikufaulu. Tafadhali mrudishe mtoto maternité alikozaliwa.” Akainua macho. “Bon. Hapa naona mumoja. Hao wane wametoka wapi?”

“Kwa jina! Kwetu Wanande jina linafuata uzazi, Kakule iko wa ine. Mimi niko na wawili, Mumbere na Kambale. Kama kuna Kakule, kuna watatu mbele yake. Na nani katika barabara hii ametoka kuzaa?”

Kabla Malika hajajibu, Tonton Ruphin alipenya katikati ya watu. Ana miaka sabini na moja, na ni mjane mwaka wa tisa sasa. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anatabasamu.

“Na mimi nimezaa,” akasema. “Katembo. Wanasema hasikii vizuri. Lakini mama yake ni nani? Hawajaandika.”

Watu walicheka mpaka mmoja akameza povu la dawa ya meno. Clémence hakucheka. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni.

“Jana jioni waliniandikia na mimi. Mzazi wa Masika. Mimi, ambaye kitinda mimba wangu iko shule ya secondaire!”

Kaswera alimgeukia, sasa kwa sauti ya chini, iliyokuwa mbaya kuliko ile ya kelele.

“Isaïe anachaji kwako. Tonton Ruphin anachaji kwako. Namba zetu zote ziko katika daftari yako. Umempa nani, Ya Clémence?”

Clémence akaona macho ya barabara nzima yakimwacha Malika na kuhamia kwake.

Saa tatu kamili, inspekta Henri wa idara ya afya alishuka kwenye baiskeli ya toleka, akamlipa dereva, akauliza nyumba ya Kasoki. Kasoki ni mkunga wa maternité ya mtaa, na amepanga chumba katika ua wa Clémence. Alitoka akiwa bado amefunga kitambaa cha kulalia. Henri aliketi kwenye benchi la wateja, akafungua karatasi zake, akaeleza taratibu, maana alikuwa mtu wa taratibu.

Mwaka jana serikali ilitoa ruzuku. Kila mtoto anayezaliwa apimwe masikio, matokeo yaingizwe kwenye tablette, na asiyefaulu mfumo wenyewe umwandikie mzazi amrudishe. Fungu la pili la ruzuku lilitegemea idadi ya waliopimwa. Maternité ikapeleka majina ya watoto sitini na mmoja wa Aprili. Wiki hii mfumo ulianza kuandikia wazazi, na wazazi hawapatikani.

“Ni watoto hewa,” akasema Henri. “Waliandikwa kwa kodi ya siri ya Kasoki, namba anayofungulia tablette. Saa tisa ninamupeleka parquet, kwa mwendesha mashtaka. Labda mutu anionyeshe mwingine.”

“Inspekta, muulize hapa hapa,” Clémence akaomba. “Mbele yetu.”

Henri alimgeukia Kasoki. “Kodi iko yako?”

“Iko yangu.”

“Nani mwingine anaijua?”

“Patrice, ule wa tablette. Nikikosea kuandika, yeye anasahihisha. Nilimupa tangu Januari.”

“Aprili ulipima watoto wangapi?”

“Hata mumoja. Mashine ya kupimia ilikufa tarehe moja, ikarudi kutoka Kinshasa juma lililopita. Nilimuambia Patrice aandikie wakubwa.”

“Patrice anasema hukumuambia kitu.”

Kasoki alifungua kitambaa chake cha kulalia, akakifunga upya.

“Na majina?” Henri aligonga karatasi kwa kalamu. “Huku kwetu mutoto anakaa siku bila jina, mnaandika tu ‘mutoto wa fulani’. Hawa wote wana majina, na ni ya Kinande. Wewe uko Munande. Alors?”

Clémence, ambaye kwa kawaida ana jibu hata la swali lisiloulizwa, alibaki anasugua waya wa chaja. Alimjua Kasoki miaka minne. Alijua anavyotembea akiwa amechoka na anavyotembea akiwa na njaa. Lakini kodi ilikuwa yake, majina yalikuwa ya kwao, na namba zilitoka kwenye daftari linalolala chini ya paa moja naye.

“Nionyeshe hizo namba,” akasema mwishowe.

Namba ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili ya Isaïe. Ya tatu ya Tonton Ruphin. Zilikuwa ishirini kwa jumla, zikizunguka tena na tena mpaka watoto wakaisha.

Clémence alivuta daftari. Kila ukurasa ni siku moja: juu namba ya Clémence, chini jina la mteja, namba, saa ya kuweka, saa ya kuchukua. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Tarehe tatu Mei, hapana. Tarehe thelathini Aprili, hapana. Jumatatu, tarehe ishirini na nane Aprili, kidole kikasimama.

“Angalia, inspekta. Mpango ni ule ule. Isaïe, Ruphin, mwalimu, fundi viatu… Orodha yako inaishia kwa nani?”

“Namba ya mwisho inaishia na sifuri tisa.”

“Huyo aliweka simu saa tano na nusu. Baada yake siku ile nilipokea wengine kumi na moja. Hawamo. Na jioni daftari linaingia ndani na mimi.”

Henri alielewa polepole, kisha yote kwa mara moja. “Aliyenakili alinakili hapa, ukurasa ukiwa wazi, kabla ya saa sita.”

“Na ona mustari huu: ‘Tablette ya maternité, saa mbili na dakika kumi mpaka saa sita kasoro ishirini.’”

“Nani aliileta?”

Clémence alifumba macho, akatafuta. “Siku nyingine Kasoki, siku nyingine Patrice. Sikumbuki, ndugu yangu. Siku zote zinafanana.”

“Kasoki, asubuhi ile ulikuwa wapi?”

“Kazini. Sijui zaidi.”

Kwa hiyo walikuwa wamerudi pale pale. Henri akatazama saa yake. Ng’ambo, Malika alikuwa mlangoni na kichanga begani, bado ana hasira, na Clémence akaanza kuhesabu kwa vidole.

“Malika! Mutoto ulizaa tarehe ngapi?”

“Ishirini na nane. Saa sita za mchana. Sasa na wewe unataka kujua baba?”

“Nataka kujua mukunga!”

“Kasoki, nani mwingine? Tangu saa moja nilimushika mukono. Ningemuachia aende wapi?”

Kasoki akaketi chini pale pale, kwenye vumbi.

Henri hakuridhika kabisa. Kasoki angeweza kuwa alimtuma mtu. Kwa hiyo saa nane Patrice aliitwa, na Kasoki akaambiwa akae chumbani, mlango ufungwe. Patrice alikuja na shati jeupe na tablette kwapani, akasalimia kila mtu kwa jina. Clémence alimpa kiti.

“Patrice, tusaidie kwanza. Mudogo wangu ameolewa na Munande, jana amezaa mutoto wake wa kwanza, kijana. Tumuite nani?”

“Ah, Wanande wana majina mazuri. Mumuite Kakule. Ao Katembo, ni mamoja.”

Kaswera alivuta pumzi. Clémence alimnyamazisha kwa mkono, akamwita Kasoki nje, akamuuliza vile vile: mtoto wa kwanza wa Munande, aitwe nani?

“Wa kiume ao wa kike?”

“Wa kiume.”

“Basi ni Mumbere, ao Paluku. Ndiyo mmeniitia?”

Henri alisoma karatasi bila kupandisha sauti. “Kakule, uzazi wa kwanza. Katembo, uzazi wa kwanza. Kambale, uzazi wa kwanza.”

“Mwanamuke gani anazaa wa ine mbele ya wa kwanza?” Kaswera akalipuka. “Katembo iko wa tano! Munande hawezi kuandika vile hata akilewa!”

Patrice alitazama tablette, kana kwamba ingemjibia.

“Tarehe ishirini na nane ulikaa benchi hii,” Henri akasema. “Kasoki alikuwa anazalisha.”

“Mashine ilikufa,” Patrice akasema hatimaye. “Idadi ingekuwa sifuri, ruzuku ingekatwa, na kontra yangu ya kazi inaisha Juni. Nilitaka kujaza mwezi mumoja tu. Ningeandika ‘mutoto wa fulani’, wangemutafuta huyo mama katika kitabu cha uzazi. Wanande watoto wao wanakuja na majina tayari. Na namba ya simu, tablette haikubali kuiacha wazi.”

“Na wale watatu wasiofaulu?”

“Wote wakifaulu, nani angeamini? Sikujua mfumo utawaandikia watu kweli.”

Alisimama mwenyewe kabla ya kuambiwa. Alipokuwa anaondoka na Henri, Tonton Ruphin aliuliza, kwa unyonge kidogo, kama basi Katembo hayupo kabisa.

Kaswera alivuka barabara bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya Malika. “Nilikosa,” akasema. “Nilikosa vibaya.” Malika alimhamishia mtoto bega la pili. “Ulikosa mara ine,” akajibu, na Kaswera akacheka kabla hajajua kama ameruhusiwa.

Saa tisa, saa ambayo alipaswa kuwa parquet, Kasoki alikuwa njiani kwenda maternité. Watu walidhani anakimbilia kudai heshima yake. Saa kumi alirudi na mashine mkononi, ndogo kama simu ya kizamani, akapita meza ya Clémence, akasimama mlangoni kwa Malika.

“Mutoto wako hakupimwa,” akasema. “Yeye na wale wa kweli wote wa Aprili. Majina ninayo katika kitabu cha uzazi. Ninaanza na wako, kama bado unaniamini.”

“Inauma?”

“Hapana. Kidude kidogo sikioni. Lakini lazima awe amelala.”

Malika alimgeuza mwanawe. Mtoto alikuwa macho wazi, anatazama barabara nzima.

“Huyu? Huyu halali sasa hivi. Niko na lituma ya ndizi na samaki wa Yanonge. Ingia ule kwanza, Kasoki. Akilala utamupima.”