Gamba Ndani ya Bahasha

"Jina?"

"Nashon Ogweno."

"Umri?"

"Ishirini na nane."

Phanice aliandika bila kuinua macho. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na gambuti nyeupe, aproni ya plastiki imejaa utelezi wa samaki wa mbuta, kisu bado mkononi. Mwanamke huyo aliyeketi ndiye niliyekuwa nimepanga kumuoa Desemba. Na kwa habari zote alizopata kutoka kwangu, saa hiyo nilipaswa kuwa Nairobi, Industrial Area, nimekaa kwenye meza ya karani, tai shingoni.

Ngoja nieleze kabla hamjanitukana, maana mtanitukana tu.

Karani nilikuwa kweli, miaka minne, kwenye bohari moja ya nguo. Machi 1995 wakatupunguza. Mwaka ule watu walikuwa wakipunguzwa kila mahali, na kila mtu alihama kufuata tetesi ya kazi. Waliotoka mjini walisikia kwamba huku ziwani viwanda vya samaki vinaandika watu. Nikafika Homa Bay na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki. Bwana wa getini hakuvifungua. Aliniuliza kama najua kushika kisu.

Sasa, Phanice ni Mkuria, binti ya Mzee Gisiri anayelima tumbaku upande wa Migori. Mimi ni Mjaluo wa Uriri. Kwa hiyo mapenzi yetu yaliendeshwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mzee hakunitaka mwanzoni. Alichokipenda kwangu ni ile meza. Kila mgeni aliambiwa kwamba binti yake amepata kijana wa ofisi. Ningerudi vipi kumwambia kwamba ofisi imekwisha, sasa natoa minofu na kurundika migongowazi, ile mifupa inayobaki?

Nikabuni ujanja. Barua zangu kwa Phanice nilizipeleka Nairobi kwa basi, binamu yangu Levis akazitia posta kule, zikarudi Migori na muhuri wa Nairobi. Za Phanice zikaenda kwenye sanduku la Levis, naye akanitumia huku. Barua ambayo ingefika kwa siku mbili ilichukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nilijiona mjanja sana.

Septemba 1996 serikali ikaanza uchunguzi wa ajira. Walitaka kujua nani anafanya kazi gani, ametoka wapi, amehama kwa nini. Wakaajiri vijana kwa wiki tatu wazunguke na fomu. Phanice alikuwa mmoja wao. Aliniandikia kunijulisha, na barua yake ikaenda zake Nairobi kumtafuta karani.

Ndiyo maana nilimwona yeye kabla ya barua.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wakata samaki. Kando alisimama Makori, supavaiza wetu, mtu wa Kisii mwenye mdomo usiopumzika.

"Kabla ya hapa ulifanya kazi gani?" Phanice akauliza.

"Sijawahi kuajiriwa."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Ulihamia hapa kutoka wapi?"

"Uriri."

"Umeoa?"

"Bado."

"Una mchumba?"

Makori akadakia, akamwambia madam asimalize wino bure, hakuna msichana wa kuvumilia harufu ya hawa watu. Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Katika yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo.

"Sina," nikasema.

Hapo ndipo alipoinua macho. Hakukasirika, hakushangaa. Aliniangalia tu, muda wa kutosha mimi kusema jambo jingine. Sikusema.

"Asante," akasema. "Anayefuata."

Zamu ilipokwisha nilitoka mbio, nikakuta wameshahamia kiwanda kingine. Nilijiambia kwamba nimemsitiri, kwamba nisingeweza kumwaibisha mbele ya wenzake kwa kujitangaza na aproni ile. Nililala na maneno hayo siku mbili. Yalikuwa uongo. Nilijisitiri mwenyewe, na kitu nilichojifunika nacho kilikuwa yeye.

Alhamisi, kwenye stendi ya mabasi, kondakta akanipa bahasha kutoka kwa Levis. Mwandiko wa Phanice.

"Mpenzi Nashon, salamu nyingi. Nimepata kibarua cha kuandika wafanyakazi. Tutapita Homa Bay, kwenye viwanda vya samaki. Kama kuna neno unataka kuniambia kuhusu Homa Bay, niambie kabla sijafika. Nangoja jibu lako. Hiki nilikikuta ndani ya barua yako ya Agosti. Wako, Phanice."

Nikatikisa bahasha. Likaanguka gamba moja la mbuta, kubwa, limekauka.

Nilikaa chini palepale stendi. Alijua. Tangu Agosti alijua, na badala ya kunifumania alinifungulia mlango nitoke kwa heshima. Mlango huo mimi niliuzungusha Nairobi wiki tatu. Kisha alikuja pale kiwandani akiwa hajapata jibu, akanipa nafasi ya pili kwa macho, nami nikasema sina.

Asubuhi ya Ijumaa nikamwambia Makori siingii. Akaniambia kwamba zamu yangu atapewa mwingine, getini watu hawajaisha. Nikamwambia sawa.

Waandishi wote wa uchunguzi walikuwa kwenye veranda ya lojingi karibu na soko, wakikagua fomu kabla ya gari kuzichukua. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Priscilla, miwani kwenye ncha ya pua. Nilimwamkia, nikasema kwamba nimekuja kusahihisha fomu yangu, nilitoa majibu ya uongo.

Priscilla akavua miwani. Akasema kwamba kazi hii ameifanya muda mrefu na hajawahi kuona mtu akirudi. Akauliza ni fomu ya nani. Phanice, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Basi mwandikie upya," Priscilla akasema. "Na kuna mstari ulikuwa umeuacha wazi. Nilikuwa nataka kukuuliza."

Nikavutiwa stuli. Wenzake wakaacha kukagua, masikio yote yakahamia kwetu. Phanice akatoa fomu mpya.

"Kabla ya hapa ulifanya kazi gani?" Sauti ileile ya kiwandani.

"Karani, Nairobi. Niliachishwa Machi mwaka jana."

"Kwa nini ulihamia Homa Bay na si kurudi nyumbani?"

"Aibu."

"Hilo halipo kwenye orodha. Kuna kazi, ndoa, masomo na nyinginezo."

"Andika nyinginezo."

"Nikiandika nyinginezo lazima ueleze."

Nikaeleza. Nilieleza habari ya bahasha ya kaki, ya Levis na muhuri, ya baba yake na ile meza. Kijana mmoja pale alianza kucheka, Priscilla akamkazia macho.

Phanice aliandika yote. Alipofika kwenye mstari ule, akageuza fomu ya zamani nione. Majibu yangu yote ya Jumanne yalikuwa pale, uongo mmoja baada ya mwingine kwa mwandiko mzuri. Penye mchumba hapakuwa na kitu.

"Mkono ulikataa," akasema. Sasa sauti ilikuwa yake. "Nashon, mimi nimezaliwa kwenye moshi wa tumbaku. Nguo zangu za shule zilinuka tumbaku mpaka nikamaliza. Kwa nini ulifikiri nitakimbia samaki?"

"Si wewe uliyeniogopesha. Nilijiogopa mwenyewe."

"Lakini ni mimi uliyenikana."

"Ni kweli. Nisamehe, Phanice."

Akakunja ile fomu ya zamani, akafunika kalamu.

"Huu mstari sitaujaza leo," akasema. "Mama Priscilla, nipe hii fomu niilete Jumatatu pamoja na zile za Migori. Nashon, Jumapili utakuja kwa baba. Utamwambia wewe kwa mdomo wako. Mimi sitakutangulia hata kwa neno moja."

Jumapili nilifika. Mzee Gisiri alikuwa ameita ndugu zake wawili, Machuki na Mayaka, kumwona mkwe wa ofisi. Nilikataa kiti. Niliwaambia nikiwa nimesimama, yote, mpaka gamba. Nilipomaliza, mzee alitoa kiko chake akakisafisha.

"Kuachishwa kazi si kosa," akasema mwishowe. "Mimi mwenyewe niliwahi kuachishwa migodini. Lakini mwaka mzima umeniacha nikajisifu kwa watu. Umenifanya mwongo katika kijiji changu mwenyewe. Nenda. Uwe unakuja kila mwezi, mpaka nimsahau yule karani."

Niliondoka kichwa chini. Njiani, katikati ya mashamba ya tumbaku, Phanice alinifikia akihema, fomu mkononi. Aliiweka mgongoni pangu, nikahisi kalamu ikiandika neno fupi.

"Umeandika nini?"

"Utajua serikali ikitangaza," akasema, akarudi kwao.

Mzee alimsahau karani baada ya miezi kumi na minne. Niliandikwa tena na Makori wiki moja baada ya ile Ijumaa, na kila mwezi nilikwenda Migori. Harusi yetu ilikuwa Desemba 1997, mwaka mmoja nyuma ya mpango. Mbele ya Wakuria na Wajaluo wote, Mzee Gisiri alisimama akanishika bega.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Anakata samaki Homa Bay."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, pamoja na yote hayo, nikaona haya tena, nikaangalia viatu vyangu vipya. Phanice akanibana kidole chini ya meza.

"Inua uso," akanong'ona.

Nikauinua.